Maskini mtoto, mtoto maskini

Mtoto akianguka na baiskeli karibu na soko la Majengo hapa Dodoma, akachubuka goti, mama wa meza ya nyanya atapaza sauti: "Maskini mtoto!" Hamjui baba yake. Hajui nyumbani kwao wamekula nini jana. Huenda ni mtoto wa mbunge, lakini mama hajali, kwani goti linatoka damu. Sasa yageuze maneno hayo mawili useme "mtoto maskini". Goti limeshasahaulika. Tunaongea habari za nyumba ya tembe inayovuja, sare iliyochanika, daftari moja la masomo manne. Hakuna herufi iliyoongezwa wala kupunguzwa. Neno limehama tu mahali pa kusimama. Likitangulia ni huruma, likifuata ni cheo.

Sarufi hii ndogo ndiyo iliyonifanya nikae kuandika. Kwa muda sasa watu wa maofisini, viongozi wa dini na waandishi wa habari wamekuwa wakibishana kama neno maskini linafaa kuendelea kutumika hadharani. Wako wanaosema linadhalilisha, na kwamba heri tuseme mlengwa, mhitaji, mwenye kipato cha chini. Wako wanaojibu kwamba kulifuta neno hakujazi sufuria, na kwamba maneno laini ni pazia la kuficha wajibu. Mimi naishi Dodoma, mkoa ambao neno hili limewaganda watu wake kuliko haki, kwa hiyo siwezi kulijadili kama mtu anayetazama mpira kutoka jukwaani.

Tuanze na sikio. Kamusi huandika maskini, na Biblia ya Union Version vilevile, lakini wengi wetu huku bara tunatamka masikini, kwa kuwa lugha tulizonyonya kwa mama zetu hazipendi konsonanti mbili zigongane. Anayehurumia huvuta silabi: masikiiini! Mtendaji wa kijiji anayesoma orodha ya kaya haivuti hata kidogo. Tena neno halibadiliki kwa wingi. Ni maskini huyu, maskini hawa. Ile "ma" ya mwanzo si ya wingi kama ya mashamba au matunda. Imekuja na neno lenyewe kutoka ng'ambo.

Ng'ambo ipi? Hapo kuna hadithi mbili.

Ustadhi aliyesoma sarufi ya Kiarabu atakwambia kwamba miskin limetoka kwenye mzizi wa s-k-n, wenye maana ya kutulia na kukaa. Mzizi huo tunao nyumbani bila kujua. Umo ndani ya maskani, ndani ya jina la Sakina, na ndani ya sukuni, ile alama inayoonyesha kwamba herufi haina irabu. Kwa maelezo haya, maskini ni mtu aliyetulizwa na ufukara. Umemkalisha, umemnyima mwendo. Ukimkumbuka mzee aliyeshinda barazani kwa kuwa hana nauli ya kwenda hospitali, utaona maelezo haya hayakutoka hewani.

Wanaisimu wa lugha za kale za Mashariki ya Kati wanakwenda mbali zaidi. Kwao Waarabu nao walilipokea neno hili, kupitia Kiaramu, kutoka Kiakadi, lugha ya Babeli. Huko liliitwa muškēnum, na asili yake ni kitenzi cha kuinama au kusujudu mbele ya mkubwa. Limeandikwa kwenye jiwe la sheria za mfalme Hammurabi, aliyetawala Babeli katika karne ya 18 kabla ya Kristo. Jiwe hilo jeusi lilichimbuliwa Susa, nchini Iran, mwaka 1901, na leo liko Louvre, Paris. Sheria zake ziliwagawa watu katika madaraja matatu: bwana, muškēnum, na mtumwa. Wataalamu bado wanabishana kama muškēnum alikuwa raia wa kawaida au mtu aliyeishi kwa kuitegemea ikulu, ila daraja lake linajulikana vizuri. Anayemtoboa bwana jicho, naye atatobolewa lake. Anayemtoboa muškēnum jicho atalipa mina moja ya fedha, takriban nusu kilo. Tabibu akimponya bwana kwa upasuaji analipwa shekeli 10, akimponya mtoto wa muškēnum shekeli 5, akimponya mtumwa 2. Na anayeiba ng'ombe wa muškēnum anarudisha mara kumi.

Nimekaa kwenye jiwe hilo kwa makusudi. Mtu huyo hakuwa ombaomba. Alikuwa na ng'ombe wa kuibiwa. Alikuwa chini ya bwana, na bei ya jicho lake iliandikwa wazi kuwa ndogo, jambo linaloumiza ukilisoma leo. Hata hivyo bei ilikuwepo, na aliyemdhuru alijua atalipa kiasi gani.

Katika hadithi hizi mbili, ushahidi wa maandishi uko upande wa Babeli, kwa sababu muškēnum lilikuwa limeandikwa zaidi ya miaka elfu mbili kabla ya maandishi ya Kiarabu tunayoyafahamu. Sitaitupa ile ya ustadhi. Watu waliolisikia neno wakalifungamanisha na kutulia walikuwa wanatuambia walivyomwona jirani yao. Kinachonigusa ni kwamba hadithi zote mbili zinazungumzia mwili. Mmoja ameinama, mwingine amekaa hana mwendo. Hakuna hata moja inayotaja fedha. Umaskini wa mfukoni ni maana iliyoingia baadaye na kuchukua nyumba yote.

Neno lilisafiri. Kwenye Kiebrania cha kitabu cha Mhubiri, sura ya 9, kuna habari ya mji mdogo uliozingirwa na mfalme mkubwa, na mtu mmoja, misken mwenye hekima, aliyeuokoa. Mji ukapona, naye akasahaulika. Waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili wakamwita maskini, na hivyo neno likakutana na ndugu yake wa damu baada ya safari ya bahari na majangwa. Katika Kurani, aya ya 60 ya sura ya 9 inawataja watu wa aina nane wanaostahili zaka, na wawili wa kwanza ni mafukara na maskini. Fukara na maskini wana tofauti gani? Wanazuoni waligawanyika. Wafuasi wa Imamu Shafi, ambao ndio wengi katika pwani yetu, husema fukara ana hali mbaya zaidi, maana katika sura ya 18 kuna jahazi lililokuwa mali ya maskini waliofanya kazi baharini. Mwenye jahazi si mtu asiye na kitu kabisa. Wafuasi wa Imamu Abu Hanifa wanaona kinyume: maskini ndiye wa chini kabisa, kwa kuwa sura ya 90 inamtaja maskini aliye mavumbini.

Uswahilini tulilipokea hilo fukara pamoja na wingi wake. Kwa Kiarabu fuqara ni wengi, sisi tukamwita hivyo hata mtu mmoja.

Kwingineko neno halikupata bahati. Kihispania kililichukua kutoka kwa Waarabu likawa mezquino, na leo maana yake ni bahili, mtu mwenye roho ndogo. Mesquin ya Wafaransa haiko mbali na hapo. Kwa Waturuki, miskin ni mvivu. Malta ndiko lilikobaki karibu na kwetu, kwani Mmalta akimhurumia mtu husema miskin kwa sauti ileile ya mama wa nyanya wa Majengo. Wanaotaka neno hili liachwe wangeweza kuuchukua mfano wa Hispania na Uturuki wakasema: tazameni, jamii ikimwita mtu jina la taabu yake kwa muda mrefu, mwisho taabu inageuzwa kuwa tabia. Alikuwa hana, sasa ni mchoyo. Alikuwa amekwama, sasa ni mvivu. Hoja hiyo ni nzito kweli, na nitairudia nikifika kwenye mambo ya Wagogo.

Sasa twende Chamwino. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulioanza mwaka 2000, ulipotaka kujaribu kuzipa kaya ruzuku ya fedha yenye masharti, ulianzia wilaya tatu mwaka 2010: Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Baada ya majaribio hayo ukaja mpango wa nchi nzima, na jina lake likawa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Masharti yalikuwa ya maana: watoto wadogo wafike kliniki, wakubwa wahudhurie shule. Namna ya kuzipata kaya hizo ndiyo inayonihusu hapa. Wanakijiji hukutana, hutaja vigezo vyao, hutaja kaya. Madodoso hujazwa, hesabu hufanywa, kisha majina hurudi mbele ya mkutano ili watu waseme huyu ndiye au siye.

Aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa namna hiyo anajua unavyokuwa. Mtu husimama akasema huyu si maskini, ana mbuzi watatu. Mwingine hujibu mbuzi ni wa mwanawe aliyeko Manyoni. Ni mjadala uleule wa wanazuoni kuhusu jahazi, umehamia chini ya mti wa mkwaju, na wanaoujadili hawajapata kusikia habari za Abu Hanifa. Je, mwenye kitu kidogo anaitwa maskini? Je, lazima mtu awe mavumbini kwanza? Nimeshuhudia wazee wakilifafanua hilo kwa umakini ambao ungewafaa majaji, wakitofautisha mbuzi wa kukabidhiwa na mbuzi wa kumiliki, shamba la kurithi na shamba la kukodi.

Nina shangazi katika kijiji kimoja cha wilaya hiyo. Ni mjane, analima uwele na karanga, na msimu ukikata anakula mlenda na ugali mara moja kwa siku. Vijana walipokuja kuandikisha, alikataa. Baadaye akakubali, ila akamwambia mwandishi, "Niandike, mwanangu, lakini usinisome." Hakukataa fedha. Hakukataa hata neno kubaki kwenye karatasi. Alikataa kulisikia likisomwa mbele ya wakwe zake. Kila ninapowasikia watu wa pande zote mbili za mjadala huu nawapima kwa sentensi hiyo, na naona kila upande umeshika nusu yake.

Upande wa wanaotaka neno liachwe una haki kwenye "usinisome". Cheo cha maskini kinamfuata mtu hata akishapokea msaada. Lugha yetu ina methali zinazomsubiri mlangoni. Maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba. Mama akinunua bati nne kwa fedha ya ruzuku na ya vibarua, wanaanza kuulizana: kumbe alikuwa nazo? Na iko ile nyingine kali, maskini akipata matako hulia mbwata, ambayo sijapata kuona faida yake zaidi ya kumzuia mtu asifurahie hata siku moja. Cheo hiki kina mlango mpana wa kuingilia na tundu la sindano la kutokea. Mtoto anayeitwa "wa kaya maskini" na wenzake darasani hawezi kujieleza kwamba ni lugha ya mpango tu.

Lakini tazama maneno tunayopewa badala yake. Siku hizi waraka mwingi husema walengwa. Mlengwa ni aliyelengwa; mwenye manati ni mwingine, yeye ni ndege. Neno halisemi kwa nini kachaguliwa, halisemi anadai nini, na asipopewa mwezi ujao amekosewa nini? Hakuna. Amekoma kulengwa, basi. Asiyejiweza ndilo baya kuliko yote kwa maoni yangu, ingawa husemwa kwa upole sana makanisani na kwenye harambee. Shangazi yangu anaamka saa kumi na moja alfajiri, anapalilia mpaka jua linawaka utosini, halafu aitwe asiyejiweza! Mwenye kipato cha chini ni sahihi kwa vitabu, ila anayelima ale hana "kipato" cha kuhesabiwa kila mwisho wa mwezi. Mhitaji si vibaya. Mnyonge nalo lina historia yake ya siasa. Serikali iliyokuwa na MKUKUTA, mkakati wa kukuza uchumi na kupunguza umaskini, ilikuwa pia na MKURABITA, mpango wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge, na Rais John Magufuli alizoea kujinadi kama rais wa wanyonge. Mnyonge ana adui. Kuna aliyemnyonga au anayemwonea. Maskini anaweza kuwa maskini kwa sababu ya mvua tu.

Hapa katikati ya nchi mvua ni jambo kubwa. Dodoma hupata msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na ukikatika Januari umekatika. Ila hata njaa kubwa za Ugogo hazikuletwa na mawingu peke yake. Ile inayokumbukwa kama Mtunya, kati ya 1917 na 1920, ilikuja baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kupita wakichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Ukame ulipofika ulikuta maghala yameshafagiliwa. Wanahistoria wanakadiria watu 30,000 kati ya 150,000 wa eneo hili walikufa. Watu hao walikuwa wafugaji wenye mali. Kabla ya vita, ukimwita Mgogo mwenye zizi lililojaa maskini angekushangaa.

Kuna kitenzi ambacho ningependa kila mwanafunzi wa Kiswahili akijue: kuhemea. Ni kutoka nyumbani wakati wa njaa kwenda mbali kutafuta chakula, kwa kununua, kubadilishana mifugo, kufanya vibarua, au kukaa kwa ndugu na wakwe mpaka mvua irudi. Wazee wa Ugogo wanakijua vizuri sana. Anayehemea haombi. Anakwenda kwa watu ambao mwaka mwingine walihemea kwake, au watahemea. Ni akiba iliyowekwa kwa ndugu badala ya kuwekwa ghalani, na katika nchi ambayo mvua hunyesha kijiji hiki ikaruka kile, ni akili kubwa.

Sasa mpeleke mtu mwenye desturi hiyo Dar es Salaam, mahali ambapo hana mkwe wala mtani, umsimamishe kwenye taa za barabarani. Kilichokuwa kuhemea kinaonekana kuwa ombaomba. Miji imeongeza sifa hiyo ikawapa Wagogo wote, na mara kwa mara zimetolewa amri za kuwakusanya ombaomba na kuwarudisha mikoani kwao, huku kila mtu akijua ni mikoa gani inayotajwa kwanza. Nimesikia utani wa aina hii kwenye mabasi, harusini, hata bungeni kwenyewe watu wakicheka. Simaanishi kwamba hakuna watu wa kwetu waliofanya kuomba kuwa kazi. Wapo, na wako waliowatuma watoto, jambo ambalo halina utetezi. Lakini kabila zima limetwishwa neno moja, na hapa ndipo mifano ya Uturuki na Hispania inaponitisha. Taabu ya msimu imeanza kusomwa kama tabia ya ukoo.

Ajabu ni kwamba mafundisho ya zamani yalishakataa kumchanganya maskini na anayeomba. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume anasema maskini si yule anayezunguka kwa watu akapewa tonge moja au mbili, tende moja au mbili. Maskini ni yule ambaye hana cha kumtosha, na watu hawamtambui wakampa sadaka, wala hasimami kuomba. Yaani mtu huyo haonekani. Shangazi yangu angejitambua humo upesi kuliko kwenye dodoso lolote.

Ndiyo maana siwezi kuwafuata moja kwa moja wanaosema neno lifutwe. Likifutwa, watakaofaidika kwanza ni wasiotaka kuulizwa. Umaskini una mstari uliochorwa kwa tarakimu. Katika utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18, mstari wa mahitaji ya msingi ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa chini yake. Mtu mmoja kati ya wanne, kwa kiasi ambacho hakifiki shilingi 1,700 kwa siku. Miaka miwili baadaye, Julai 2020, Benki ya Dunia iliiweka Tanzania katika kundi la nchi za kipato cha kati cha chini, na tulifurahi, tulikuwa na sababu. Siku zilizofuata nilimsikia mtu akisema redioni kwamba neno maskini sasa limepitwa na wakati. Nilizima redio. Nchi inaweza kupanda daraja kwenye jedwali huku mlenda wa Chamwino ukibaki uleule. Ujinga, maradhi na umaskini ndio maadui watatu waliotajwa wakati wa uhuru, na mtu hawezi kumpiga adui aliyefutiwa jina.

Azimio la Arusha la 1967 lilitumia neno jingine kwenye mistari ambayo wengi tuliikariri shuleni: "Unyonge wetu ndio uliotufanya tuonewe, tunyonywe na kupuuzwa." Angalia kiwakilishi. Unyonge wetu. Hakuna "wale" aliyeonyeshwa kidole. Nadhani nguvu ya sentensi ile imo humo kuliko hata kwenye neno unyonge, kwani wasemaji wamejihesabu.

Kwa hiyo msimamo wangu hauko katikati. Unagawanyika kufuata mahali neno linaposimama. Ile sauti ya "maskini!" inayotangulia jina, ningesikitika sana ikitoweka kwa hofu ya kudhalilisha. Haichagui. Humwangukia mtoto aliyeumia goti, humwangukia bosi aliyefiwa na mkewe, na asemaye hasemi kwamba yeye yuko juu. Ni kweli inaweza kusemwa kivivu, mtu akasema maskini akapita zake, huruma ikaishia mdomoni. Hilo ni kosa la aliyepita. Umaskini kama jina la hali, lenye mstari, asilimia na fungu kwenye bajeti, libaki kwenye sheria na kwenye vichwa vya mipango, liandikwe kwa wino mweusi. Huko halimwelemei shangazi, linamwelemea waziri. Mlengwa hana deni kwa mtu, ila maskini wa Babeli alikuwa na bei ya jicho lake, na maskini wa zaka ana fungu lililotajwa kwa jina. Sitaki tubadilishe haki hiyo kwa neno la manati.

Pale ambapo neno linafuata jina la mtu hai, ndipo ninapokubaliana na wanaolikataa. Kaya maskini ya fulani, mtoto maskini wa fulani, hayo yaachwe.

Najua pingamizi, na ni la kweli. Majina yasiposomwa hadharani, orodha itajaa wajomba wa mwenyekiti. Tumeona kaya zenye pikipiki zikiingia na wajane wakiachwa, na mkutano ndio uliookoa wengi. Usiri ungewalinda wenye aibu, ungewalinda na wezi. Lazima majina yasomwe. Ila kuna namna ya kusoma. Mtendaji anaweza kusoma jina kama kijiji kinavyomwita mtu: mama wa fulani, mjane wa fulani, wa kitongoji fulani, anayelima kule bondeni. Kisha akauliza swali moja, kama tumwandike au tusimwandike. Kile kichwa cha mpango kinaweza kubaki juu ya karatasi, wazi kabisa, bila kurudiwa baada ya kila jina kama mhuri.

Nilimweleza shangazi wazo hilo nilipokwenda kumsalimia mwezi wa karanga. Alisikiliza huku akipukuchua, akauliza kama wakwe watakuwepo. Nikamwambia watakuwepo. Akafikiri kidogo. Akasema wakisoma hivyo atakuja, na atakaa mbele, ila kigoda atakuja nacho mwenyewe.